Pikipiki ya kwanza ya mizigo mpakani: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960, vijana wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, huku wakiita abiria kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpaka hadi mpaka. Leo kazi hiyo inafanywa na pikipiki, kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Holili, Sirari na Mutukula.

Kwa anayeanza, pikipiki ya kwanza mara nyingi ndiyo mtaji wote. Akikosea kuchagua, hana ya pili ya kumwokoa. Wanunuzi wengi wapya huuliza mambo mawili tu: bei, na ukubwa wa injini. Hayo hayatoshi. Kinachoamua faida ni gharama ya kila kilomita, pamoja na karatasi zinazoiruhusu pikipiki ifanye kazi unakotaka.

Anza na njia, si duka

Kabla ya kwenda dukani, andika mambo matatu: unabeba nini, uzito gani, na barabara ikoje. Anayepeleka mikate na soda madukani kwenye lami hana mahitaji sawa na anayeshusha ndizi au viazi kutoka mlimani.

Angalia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Uzito huo kwa kawaida humhesabu pia dereva. Tuchukulie kitabu kinasema kilo 150 na wewe una kilo 70. Zinabaki kilo 80. Gunia la mahindi la kilo 90, ambalo ndilo kipimo cha kawaida Kenya, tayari limezidi, na la kilo 100 linalotumika Tanzania limezidi zaidi. Wapo wanaobeba magunia mawili, lakini gharama yake huonekana baadaye kwenye shokapu, spoku, beringi na breki. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, usukani huwa mwepesi na pikipiki hunyanyuka mbele kwenye mlima. Kwa dereva mgeni hiyo ni hatari kubwa.

Injini ya ukubwa gani?

Pikipiki nyingi za kazi katika ukanda huu zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ya cc 100 hadi 150. Mifano inayojulikana ni Bajaj Boxer ya cc 100 na 150, na TVS HLX ya cc 100, 125 na 150. Zipo pia za Kichina ambazo injini zake zinafuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976. Muundo huo ni rahisi na mafundi wengi wanaufahamu.

Kwa mizigo midogo kwenye tambarare, cc 100 inatosha na inakunywa mafuta kidogo. Kwa mzigo wa kilo 50 na kuendelea, au kwenye milima, cc 125 au 150 haichoki haraka, kwa sababu huilazimishi kupanda kwa gia ya kwanza kutwa nzima. Injini kubwa kuliko hiyo, kwa anayeanza, ni kulipia nguvu ambayo haitarudisha fedha.

Rahisi inaweza kuwa ghali

Tufanye hesabu ya mfano. Pikipiki A inauzwa Sh2,600,000 na B Sh2,000,000. Zote zinatembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. A inakwenda kilomita 50 kwa lita, B kilomita 40. Maana yake B inatumia nusu lita zaidi kila siku, yaani lita 13 kwa mwezi. Mafuta yakiwa Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh39,000.

Tuseme pia B inalala gereji siku mbili zaidi kila mwezi, na kila siku ya kazi inakuachia Sh15,000. Unapoteza Sh30,000 nyingine. Jumla ni Sh69,000 kwa mwezi. Ile nafuu ya Sh600,000 uliyoipata dukani itakuwa imekwisha kabla ya mwezi wa tisa kumalizika. Baada ya hapo B inakula faida yako. Weka namba za eneo lako katika hesabu hii kabla ya kuamua.

Spea na fundi

Nenda kwenye maduka ya spea yaliyo kwenye njia yako, pande zote mbili za mpaka kama unafanya kazi pande zote. Uliza bei ya vitu vinavyoisha mara kwa mara: tairi, cheni na sproketi, breki, sahani za klachi, kebo, plagi na chujio la hewa. Kama maduka mawili kati ya matatu hayana, achana na aina hiyo hata kama inavutia.

Uliza pia kuhusu rimu. Ya spoku ikipinda, fundi wa kijijini anaweza kuinyoosha. Ya aloi ikipasuka shimoni, kwa kawaida hununuliwa mpya.

Pikipiki za umeme nazo zimeingia sokoni, na nyingi hubadilishiwa betri vituoni. Swali lake ni hilohilo: kituo kiko umbali gani na njia yako, na betri ni ya nani?

Tahadhari ya pikipiki ya ng'ambo

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mtu anaambiwa pikipiki iliyotumika ni nafuu upande wa pili, anailipa, anaiendesha hadi nyumbani na namba zake za kigeni. Kisheria hiyo ni bidhaa iliyoingizwa nchini. Inatakiwa kutangazwa forodhani, kufanyiwa tathmini ya kodi, kisha kusajiliwa upya. Kuwa imenunuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuifanyi isitozwe kodi. Msamaha wa ushuru unafuata asili ya bidhaa, na pikipiki iliyotengenezwa India au China haibadiliki kuwa ya Kenya au Uganda kwa kuuzwa huko. Jumlisha kodi na usajili kwanza, ndipo ulinganishe bei.

Kwa iliyotumika, iwe ya hapa au ya jirani, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu usiokoma unaonyesha injini inakula oili. Chunguza fremu kama ina alama za kuchomelewa. Usilipe yote kabla umiliki haujahamishwa kwa jina lako.

Kuvuka na kubeba

Pikipiki yako ikivuka kwa muda, inahitaji kibali cha forodha na bima inayotambuliwa upande wa pili, kama Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia inashiriki. Kubeba abiria wa kulipa ndani ya nchi jirani kunahitaji ruhusa nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, anayeanza hufanya vizuri kuishia mpakani na kumkabidhi mzigo mwenzake wa ng'ambo.

Jambo la mwisho ni njia za panya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa si kwa magendo peke yake, bali hata kwa chombo kilichoyabeba. Mwenye mzigo anapoteza magunia machache. Wewe unapoteza pikipiki, na kama uliichukua kwa mkataba, hesabu ya mwenye nayo inaendelea kukudai. Kwa mzigo halali hakuna sababu ya kujificha: bidhaa zenye asili ya Jumuiya ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani.

Kwa hiyo, usitoe fedha zote dukani. Tenga sehemu kwa ajili ya usajili, bima, leseni ya daraja linalohusika, kofia ngumu na seti ya kwanza ya tairi na cheni. Kama bajeti haifiki hapo, chagua pikipiki ndogo yenye karatasi kamili. Hiyo itaingia kazini siku ya kwanza.