Gari Lililotumika la Magurudumu Manne: Kabla Hujalipa

Mtumiaji anayekusudia kununua gari lililotumika linalovuta kwa magurudumu yote manne ajiulize kwanza atapita nalo wapi. Barabara ya changarawe yenye mashimo huhitaji gari lililoinuka na matairi imara; uvutaji wa magurudumu yote hufaa kwenye matope, mchanga na miinuko inayoteleza. Asiyefika huko atagharamia mafuta zaidi na matengenezo ya vipuri vingi zaidi kwa uwezo ambao hatautumia. Kwa maoni yetu, wanunuzi wengi wa mjini wangetosheka na gari la kawaida lililoinuka.

Kama bado unalihitaji, hakikisha kwamba unauziwa gari hilo hasa. Baadhi ya magari yaingiayo nchini kutoka Japani, yakiwemo Toyota RAV4 na Nissan X-Trail, yalitengenezwa pia kwa aina inayovuta kwa magurudumu mawili tu, na umbo lake ni lilelile. Nembo iliyobandikwa nyuma si ushahidi. Inama utazame uvunguni. Kwa gari la petroli au dizeli lisilo na mota ya umeme, ikiwa hakuna propela inayoelekea nyuma wala difu ya nyuma, hilo halivuti kwa manne, hata kama bei yake inadai hivyo.

Gari lenye kitufe au mkono wa kuunganisha magurudumu ya mbele lijaribiwe kwenye udongo au changarawe. Usikubali kulijaribu kwa kona kali juu ya lami kavu: magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti kwenye kona, na mfumo usio na difu ya katikati hukaza na huweza kuharibika. Taa ya dashibodi kuwaka haitoshi. Gari livute kwa kweli. Mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona huashiria viungo vya ekseli vilivyochakaa. Mafuta ya difu yenye rangi ya maziwa yanaonyesha kwamba maji yameingia, pengine kwa kuvuka mito au kukumbwa na mafuriko. Kagua pia kutu na alama za kuchomelea kwenye chesisi. Fundi awe wa kwako, si wa muuzaji.

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na ile ya kadi ya usajili, kisha thibitisha umiliki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Nakala ya kadi isikuridhishe. Kadi halisi huenda inashikiliwa na mkopeshaji.

Kisheria, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa magari kuliko anayenunua kwa mtu binafsi. Hata kwa mfanyabiashara, ukishalikagua gari, ulinzi wa ubora hauhusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo kila ahadi, ikiwemo ile ya kwamba magurudumu yote yanavuta, iandikwe katika mkataba wa mauzo. Ukitakiwa kutoa malipo ya awali kabla ya ukaguzi, dai risiti inayotamka kwamba fedha zitarejeshwa endapo fundi wako atabaini kasoro.