UKUNGU WA KOJI NA MVINYO MTAMU WA KUPIKIA WA WAJAPANI

Wapishi wa Japani wana kitu chao kiitwacho mirini. Ni kinywaji kizito kidogo, rangi yake kama asali iliyozimuliwa kwa maji, nacho ni kitamu sana. Hutiwa katika supu pamoja na mchuzi wa soya, tena hupakwa samaki wanaochomwa, wakang'aa kama waliopakwa mafuta. Mtu akiionja kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtengenezaji ametia sukari ya dukani. Sivyo. Katika mirini itengenezwayo kwa njia ya asili hamna hata kijiko kimoja cha sukari kilichotiwa, ijapokuwa sukari yake hupita asilimia 40. Utamu wote watoka katika mchele, na mwenye kuutoa ni ukungu.

Jambo hili laweza kumshangaza msomaji, maana sisi twaujua ukungu kuwa ni adui wa ghala na wa mkate. Basi na tuulize kwanza: utamu huo hujificha wapi ndani ya mchele?

Mchele una wanga mwingi, na wanga si kitu kingine ila sukari iliyofungwa. Vipande vidogo mno vya sukari vimeshikana kimoja kwa kingine kama mnyororo mrefu, na ulimi hauwezi kuuonja mnyororo. Ukikatwakatwa, utamu waonekana. Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili leo hii chakulani: atafune tonge la wali mtupu polepole, asilimeze upesi, naye ataona utamu waanza kuja. Mate yana kitu cha kuukata mnyororo ule. Kitu cha namna hiyo huitwa kimeng'enya.

Mama zetu wanaopika togwa wanaijua kazi hii tangu zamani, ingawa hawakuisoma katika maabara. Uji wa unga wa mahindi hupikwa, hata ukishapoa kiasi hutiwa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji uliokuwa mzito huwa mwepesi, nao huwa mtamu. Ulezi unapochipua hutengeneza vimeng'enya vyake wenyewe ili mche mchanga upate chakula kutoka katika mbegu, nasi huviazima kabla mche haujakua. Watengenezaji wa bia hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Lakini mchele uliokobolewa hauchipui kamwe, kwa kuwa kiini cha mbegu kimekwisha kutoka pamoja na pumba. Watu wa mashariki ya Asia walihitaji mtumishi mwingine, wakampata katika ukungu.

Ukungu wa Wajapani kwa jina la kitaalamu huitwa Aspergillus oryzae, na mchele ulioota ukungu huo huitwa koji. Kuutengeneza ni kazi ya uangalifu sana. Mchele huoshwa, hulowekwa, kisha huivishwa kwa mvuke tu, wala hauchemshwi majini, kwa sababu kila punje lazima isimame peke yake. Mchele ukishikamana kama bokoboko, hewa haipiti, na ukungu hauishi pasipo hewa. Ukisha kuiva hutandazwa mpaka upoe na kubaki na joto kama la mwili wa mtu. Hapo hunyunyiziwa mbegu za ukungu, ambazo ni laini kama vumbi na rangi yake ni ya kijani iliyochanganyika na manjano. Kisha mchele huwekwa katika chumba chenye joto na unyevu.

Kwa saa nyingi za mwanzo huoni kitu. Halafu mchele huanza kupata moto wenyewe, kama vile lundo la majani mabichi lipatavyo moto ndani. Ukungu umeamka, wapumua, na kupumua kwake ndiko kunakoleta joto. Hapa ndipo penye hatari, maana joto likizidi sana nyuzi 40 za Selsiasi, ukungu wenyewe hudhoofika, na vijidudu vingine hupata nafasi. Kwa hiyo wafanyakazi huupindua mchele na kuutandaza, hata usiku wa manane, wakiupima joto tena na tena. Baada ya siku mbili hivi punje zimevikwa nyuzinyuzi nyeupe, na nyuzi hizo zimezama mpaka ndani. Kazi husimamishwa hapo, kabla ukungu haujazaa mbegu na kugeuka kijani.

Nawaomba wanafunzi wenye bidii wasiende nyumbani kuujaribu ukungu wowote waliouona juu ya kiporo. Ndugu wa karibu kabisa wa ukungu wa koji ni Aspergillus flavus, uotao katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri, nao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui nchini Kenya na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Kwa macho huwezi kuzitambua aina hizi mbili, na kuchemsha hakuondoi sumu. Ukungu wa koji umefugwa kwa karne nyingi, kama mbwa alivyofugwa akaachana na mbwa mwitu, nao hautoi sumu ile. Huko Japani ziko nyumba ambazo kazi yao ni kutunza na kuuza mbegu safi za ukungu tu, na watengenezaji wa mirini hununua kwao.

Sasa tuirudie mirini yenyewe. Mchele wa aina inatayo ukipikwa huivishwa kwa mvuke, ukachanganywa na koji, kisha humiminiwa shochu, yaani pombe kali iliyokenekwa. Maji hayatiwi. Mchanganyiko huo huachwa mahali penye joto la wastani kwa muda wa siku 40 hadi 60. Katika pombe kali namna ile ukungu hauwezi kuendelea kuota. Lakini vimeng'enya vyake havifi upesi, bali vyaendelea kuukata wanga siku baada ya siku. Ni kama fundi aliyekwisha kwenda zake, na misumeno yake ikabaki inakata mbao.

Na kwa nini sukari hiyo isigeuke pombe? Ajuaye habari za sake, pombe ya mchele ya Wajapani, atauliza hivyo kwa haki, maana sake nayo huanza kwa koji. Tofauti ni hamira. Katika sake hamira hula sukari kwa kadiri inavyopatikana na kuifanya pombe. Katika mirini shochu huizuia hamira tangu mwanzo, hivyo hakuna wa kuila sukari. Pombe iliyomo, karibu asilimia 14, ni ile ile iliyotiwa.

Mwishowe mchanganyiko hukamuliwa, na machicha yake hayatupwi. Wajapani huyaita kwa jina lenye maana ya maua ya mplamu yaliyomwagika, kwa kuwa ni meupe na yamevunjikavunjika, nao huyala au kuvyazia mboga na samaki.

Zamani mirini ilikuwa kinywaji. Kuingia jikoni kulikuja baadaye, hasa kwa mchuzi wa mkunga wa kuchoma na wa tambi, na hata leo hunywewa pamoja na viungo siku ya Mwaka Mpya. Mnamo Desemba 2024 UNESCO iliuandika ufundi wa Wajapani wa kutengeneza pombe kwa koji, mirini ikiwamo, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Jikoni pombe yake huondoa harufu ya samaki, nayo huchemshwa kwanza ili sehemu kubwa iruke. Lakini haitoki yote. Kwa ajili ya wasiotumia pombe, madukani iko nyingine, ya maji ya sukari yaliyotiwa ladha, ambayo pombe yake haifiki asilimia 1, na wapishi wa Kijapani husema mara moja kwamba si sawa na ile ya asili.