Waifai ikizima katikati ya malipo: njia mbili za intaneti kwa biashara ndogo Kibera na Kawangware

Kila mwaka tarehe 30 Juni ikikaribia, saiba za Kibera na Kawangware hujaa. Ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, na sisi Wakenya tunajijua: mambo ni dakika ya mwisho. Waifai ikizima siku kama hiyo, mwenye saiba hapotezi tu pesa ya fomu moja. Mteja anavuka barabara hadi kwa jirani, na mwaka ujao ataanzia huko huko.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huchanganya. Menyu ya kulipa iliyo ndani ya laini ya simu, na ile ya kubonyeza nyota na reli, haitumii intaneti. Inapita kwa mtandao wa kawaida wa simu. Kwa hivyo mteja anaweza kukulipa hata kama ruta yako imekufa kabisa. Kinachokwama ni upande wako: ukurasa wa eCitizen, programu ya kuangalia mauzo, mashine ya risiti.

Na hapo ndipo watu hulipa mara mbili. Mteja ametuma pesa kwa Paybill 222222 ya serikali, lakini ukurasa umeganda kabla ya kuonyesha kwamba amelipa. Usimwambie arudie. Soma ujumbe kwenye simu yake kwanza. Kama namba ya muamala ipo, pesa imeshatoka. Ngoja intaneti irudi, fungua ukurasa upya, uangalie.

Dawa ya kudumu ni ruta inayoshika njia mbili za intaneti: ya kwanza inafanya kazi kila siku, ya pili inakaa tayari. Ya kwanza ikikatika, ruta inahamia ya pili yenyewe, bila mtu kuingia chini ya meza kuchomoa waya. Ruta za kazi hii ziko za bei ya kadiri. Nyingine zina tundu la laini ya simu, nyingine zina mlango wa USB wa kuchomeka modemu, na nyingine, kama za MikroTik, zinakubali waya mbili kutoka kampuni mbili. Kwenye mipangilio unaipa kila njia namba ya zamu, moja au mbili. Fundi anayejua kazi hamalizi hata saa moja.

Lakini tungependa umwulize fundi huyo swali moja kabla hujamlipa: ruta itajuaje kwamba njia ya kwanza imekufa? Ruta nyingi hubisha hodi kwenye kituo cha karibu tu. Ikiwa kituo kile kiko juu ya paa la jirani na bado kina stima, kitaitika hata kama waya umekatwa mbele yake. Ruta itaona mambo yako sawa, taa ya kijani inawaka, na wewe umekaa bila intaneti. Mwambie aipange ibishe mbali, kwa anwani kama 8.8.8.8, tena kila baada ya sekunde chache. Isipoitikiwa mara mbili tatu mfululizo, ihame. Ukiiwekea ihame kwa kukosa jibu mara moja tu, itaruka huku na huku siku nzima, na kila ikiruka baadhi ya kurasa za malipo zitakutoa nje uanze kuingia upya.

Swali la pili ni zito zaidi, na halihusu ruta. Je, njia zako mbili zinaweza kufa pamoja? Waya mbili za kampuni mbili zikipita kwenye nguzo moja, tingatinga au moto mmoja unazimaliza zote. Kibera na Kawangware unaweza kuchanganya: waya wa faiba, antena ya paani, intaneti ya laini ya simu. Kibera hata kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo. Ushauri wetu: moja iwe ya waya, nyingine ya hewani, na kampuni ziwe tofauti. Hiyo bado si kinga ya kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikawa ya kujikokota kwa wateja wa kampuni nyingi. Siku kama ile ruta haikusaidii sana.

Kitu kinachoangusha njia zote mbili mara nyingi zaidi ni stima. Stima ikipotea, ruta inazima, na njia ya pili haina maana. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12, na kuna betri ndogo za kuishikilia kwa saa kadhaa. Soma kibandiko nyuma ya ruta kabla ya kununua, kwa sababu nyingine ni volti 9.

Kisha kuna bando. Fomu ya eCitizen inakula kidogo sana, lakini video moja ya mpira kwenye kompyuta ya kona inaweza kumaliza gigabaiti nzima kabla ya kipindi cha kwanza kuisha. Mwambie fundi afunge video na masasisho ya kompyuta kila ruta inapokuwa kwenye njia ya pili. Wateja wa mpira watanung'unika, wacha wanung'unike.

Jaribu mtambo wako asubuhi kabla hujafungua. Chomoa waya wa njia ya kwanza, hesabu sekunde mpaka ukurasa ufunguke, kisha urudishe uone kama ruta itarudi yenyewe. Fanya hivyo kila mwezi, na siku hiyo hiyo angalia salio la laini ya akiba, maana bando la siku 30 huisha muda wake hata kama hukutumia chochote.