Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika kabati la nyumbani kwangu, nyuma ya vikombe vya kahawa, kimo kisahani kizito cha kioo ambacho watoto wangu hawakijui kazi yake. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama ni cha kuwekea sabuni. Kisahani hicho ni cha majivu ya sigara, nami nilikirithi kwa marehemu baba yangu. Katika siku zake kilikaa katikati ya meza ya sebuleni, mahali ambapo leo watu huweka maua, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukimwaga na kukiosha. Juma hili nimekitoa na kukitazama, kwani naona kwamba safari ya chombo hiki kidogo, kutoka katikati ya meza hadi nyuma ya vikombe, ni historia ya vizazi vitatu vya nyumba zetu. Na historia hiyo bado haijafika mwisho.

Tumbaku si mmea wa asili wa nchi zetu. Ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika na Wareno na wafanya biashara wengine, ikaenea pwani na bara hata wazee wakaihesabu kuwa yao. Babu yangu alivuta kiko. Walakini kiko kilikuwa na adabu zake. Kilivutwa barazani au chini ya mwembe, jioni baada ya kazi, miongoni mwa wazee wa rika moja. Kijana hakuthubutu kuvuta mbele ya mkubwa wake; akimwona anakuja, aliuficha msokoto wake hata akaungua kiganja. Adabu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mapafu ya mtu, kwa maana hakuna aliyeyafikiri mapafu katika siku hizo. Iliwekwa kwa ajili ya heshima. Lakini faida yake ilikuwa kwamba moshi mwingi ulibaki nje, penye upepo.

Kisha ikaja sigara ya kiwandani, nayo ikabadili mambo. Sigara haikuhitaji baraza wala wakati maalumu. Mtu aliiwasha ofisini, ndani ya basi, kwenye sinema, hata kitandani. Ikawa ni alama ya mtu wa mjini mwenye mshahara. Sebuleni kwa baba yangu, mgeni akishaketi na kuulizwa hali ya nyumbani, alisogezewa pakiti na kibiriti kabla hata ya chai, na mwenyeji asiyefanya hivyo alidhaniwa kuwa mchoyo. Katika arusi sigara zilipangwa juu ya sahani zikapitishwa kwa wageni. Sisi watoto tulitumwa dukani kuzinunua, tukakimbia kwa furaha. Baba hakuwa mtu mbaya, wala hakutuchukia. Alivuta huku amempakata mdogo wetu wa mwisho, na mtoto alipokohoa usiku, mama alisema ni baridi, akamfunika nguo ya pili.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya kwetu peke yetu. Mwaka 1948 katika Uingereza, wanaume 82 katika kila 100 walikuwa wakivuta tumbaku ya namna moja au nyingine. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1950, wataalamu wawili wa nchi hiyo, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao ulioonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kikatoa taarifa yake juu ya madhara ya sigara, na mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, akatoa ya kwake. Dunia ikashtuka. Lakini habari zote hizo zilimhusu mvutaji mwenyewe, naye alikuwa na jibu tayari: "Mapafu ni yangu, na fedha ni zangu." Ni vigumu kubishana na mtu anayesema hivyo, hasa akiwa ndani ya nyumba yake.

Jibu hilo lilianza kupoteza nguvu mwaka 1974. Katika mwaka huo waganga wa Uingereza na wa Israel, kila upande kwa uchunguzi wake, walionyesha kwamba watoto wachanga ambao wazazi wao huvuta sigara huugua mkamba na kichomi zaidi katika mwaka wao wa kwanza kuliko watoto wa wasiovuta. Kisha, mwaka 1981, mtaalamu wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuata kwa miaka 14 wanawake 91,540 wasiovuta kabisa. Wale walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Wanawake hao hawakuwahi kuigusa sigara. Kosa lao lilikuwa kukaa nyumbani kwao. Mwaka 1986 Mganga Mkuu wa Marekani akathibitisha kwamba moshi wa sigara ya mwingine ni chanzo cha maradhi kwa asiyevuta, na taarifa ya mwaka 2006 ikaongeza kwamba hapana kiasi cha moshi huo, hata kiwe kidogo namna gani, kisicho na hatari.

Yafaa tuelewe sababu yake. Sigara ikiwa inawaka hutoa moshi wa namna mbili: ule ambao mvutaji huuvuta kisha akaupuliza, na ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha iwakayo. Huu wa pili haukupita mahali popote pa kuchujwa, nao ndio sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani. Ndani ya moshi wa tumbaku mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati yake zajulikana kuwa huleta saratani. Kufungua dirisha hupunguza harufu, lakini hakuondoi hatari. Na mabaki ya moshi hushika katika mapazia, godoro na mkeka, ambako mtoto hutambaa na kulala. Mtoto mchanga hupumua upesi kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Zaidi ya hayo, mtu mzima aweza kuondoka akatafute hewa nje. Mtoto aliyepakatwa hana pa kwenda.

Serikali nyingi zimechukua hatua. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, Kenya ikafuata mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015, ikakataza kuvuta hata katika umbali wa mita 50 kutoka mahali pa watu wote. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria ikifika mlangoni pa nyumba ya mtu hupunguza mwendo. Hapana askari atakayekaa sebuleni kwangu kumtazama mjomba wangu anapotoa kibiriti.

Basi, je, jambo lisilo na askari haliwezi kubadilika? Tuangalie mfano wa Marekani. Katika mwaka 1992 na 1993, nyumba 43 tu katika kila 100 nchini humo zilikuwa na kanuni ya kutovuta sigara ndani. Ilipofika mwaka 2010 na 2011, zilikuwa 83 katika kila 100. La ajabu zaidi ni habari ya nyumba ambazo mmoja wa watu wazima huvuta: kati ya hizo, zilizojiwekea kanuni hiyo zilipanda kutoka chini ya 10 katika kila 100 hadi 46. Hapana sheria ya nchi nzima iliyowalazimisha. Wavutaji wenyewe walikubaliana na wake zao, na waume zao, na watoto wao, wakatoka nje na sigara zao.

Sasa niruhusu, ndugu msomaji, niseme habari zangu, maana si haki kuwahubiria wengine huku nikijificha. Mimi pia nilivuta. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka minne alipatwa na pumu, na daktari akaniuliza ni nani anayevuta nyumbani. Nikajibu kwa haraka kwamba mimi huvuta dirishani. Akaniambia kwa upole, "Mzee, moshi haujui dirisha, huenda unakotaka." Siku hiyo nilihamia nje na sigara yangu, na baada ya muda, kwa taabu kubwa, nikaiacha. Lakini kisahani cha kioo nilikibakiza mezani kwa ajili ya wageni. Nilijiambia kwamba sina haki ya kuwaamrisha watu wazima, na kwamba mgeni ni mgeni.

Alipotimiza miaka minane alikuja mjomba wangu kutoka Tanga, mzee ninayemheshimu kama baba. Aliketi, akatoa sigara. Mimi nilinyamaza. Binti yangu akasimama, akachukua kiti kimoja, akasema, "Babu, twende barazani, nimekuwekea kiti." Mzee akacheka, akamwuliza, "Mjukuu wangu, mbona wanitoa nje?" Mtoto akajibu, "Kifua changu hakiwezi moshi, babu." Nilifungua kinywa ili nimkemee, kwa kuwa nililelewa kuamini kwamba mtoto hamwambii mzee hivyo. Lakini mjomba alinyosha mkono kunizuia. Aliirudisha sigara katika pakiti, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe wewe ulijua, ukanyamaza?"

Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Mzee hakuona kwamba mtoto amemkosea adabu. Aliona kwamba mimi ndiye niliyemkosea, kwa kumwacha amdhuru mjukuu wake bila kujua. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeupa woga wangu jina la ukarimu. Jioni ile ile kisahani kilikwenda kabatini.

Najua yapo maneno ya kupinga. Wa kwanza atasema kwamba mama zetu wamepika kwa kuni na mkaa tangu zamani, na moshi wa jikoni ni mwingi kuliko wa sigara moja. Neno hili lina ukweli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia, iliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020. Na ndiyo sababu Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wa miaka kumi wa kuwafikisha wananchi 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia. Lakini mtu mwenye mzigo mzito hapunguziwi kwa kuongezewa mwingine. Tena jiko lapikiwa chakula cha nyumba nzima, na mama hana njia ya kuliacha mpaka apate jiko bora. Sigara haimlishi mtu yeyote, na mlango wa kutokea nje haununuliwi.

Wa pili atasema kwamba yeye hupanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, na moshi wa jirani hupita ukumbini mpaka kitandani kwake. Huyu ana shida ya kweli. Walakini wapangaji hao hao hukaa pamoja na kukubaliana juu ya gharama za umeme, zamu ya kufagia ukumbi na saa ya kufunga mlango. Basi na wakubaliane juu ya jambo hili pia, kwa maneno mazuri, kabla ugomvi haujaanza.

Wa tatu ni kijana, naye huniambia kwamba habari hizi ni za wazee, kwa kuwa kizazi chake hakipendi harufu ya sigara. Namsifu kwa hilo. Lakini wapo vijana wanaoichukia sigara huku wakiwasha shisha sebuleni na kudhani kwamba maji yameusafisha moshi. Maji huupoza tu, sumu yapita. Itakuwa ni aibu ikiwa wazee wamekitoa kisahani mezani ili vijana waweke buruma mahali pake.

Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2018, watu wazima waliotumia tumbaku ya namna yoyote walikuwa 8.7 tu katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika nyumba nyingi asiyevuta ndiye mwenye wingi, na hata hivyo yeye ndiye anayeona haya kusema. Nami nasema haya hizo tuziache. Mgeni anayevuta si adui yetu, wala hatumfukuzi. Tumpelekee kiti barazani, tumpe kahawa yake huko, tukae naye tuzungumze. Wala tusimdanganye kwamba kuvuta nje kutamwokoa yeye mwenyewe. Afadhali tumsaidie kuacha, kama sisi tulivyosaidiwa. Kwa hakika hatuleti desturi ngeni. Twarudi barazani, alikokuwa babu na kiko chake; tofauti ni kwamba yeye alikaa huko kwa ajili ya heshima ya wazee, nasi twakaa huko kwa ajili ya pumzi ya watoto.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika nyumba yangu mwenyeji anayehitaji kupona ana miaka minane, na dawa yake ya pumu imo kabatini, karibu na kile kisahani cha kioo.