Je, wajua? Gugu maji husafiri bure kwenye Mto Kagera

Je, wajua kwamba Mto Kagera, unaopita magharibi mwa wilaya za Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania, ni njia kuu ya gugu maji kuingia Ziwa Victoria?

Asili ya gugu hili ni bonde la Mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lilienea duniani kwa sababu ya uzuri wake: ua la zambarau iliyopauka, na petali ya juu ina doa la manjano. Watu walilipanda kwenye madimbwi ya bustani na ya samaki wa mapambo, nalo likaponyokea mitoni. Katika miaka ya 1980 lilikuwa limeshaingia kwenye mito ya Rwanda, na kufikia mwisho wa muongo huo lilikuwa limeonekana Ziwa Victoria.

Chukua mche mmoja uupasue bua. Ndani utakuta vijumba vingi vilivyojaa hewa, kama sponji. Hivyo ndivyo vinavyoufanya uelee, huku mizizi yake myeusi yenye nywelenywele ikining'inia majini na kufyonza virutubisho. Hauhitaji udongo. Ubavuni huchipua kikonyo kinacholala juu ya maji, na mwishoni mwake huota mche mwingine. Penye joto na rutuba, magugu huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Mbegu zake nazo huzama na kukaa topeni kwa miaka mingi zikiwa hai.

Kagera huwa mto kamili baada ya Ruvubu na Nyabarongo kukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, hugeukia mashariki upande wa Murongo, hupita Kyaka, kisha humwaga maji yake ziwani. Popote mkondo unapopoa, kwenye kona na mabwawa ya kando, gugu hujikusanya na kutanda. Chini ya zulia hilo mwanga hupungua, hewa ya oksijeni hupungua, samaki hutaabika na mtumbwi haupiti. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho nao hupata maficho.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, nchi zinazolizunguka ziwa zilifungulia aina mbili za mbawakavu wa jamii ya fukusi wanaolila gugu hili, nao pia wana asili ya Amerika ya Kusini. Wakubwa hutafuna majani, na mabuu yao hutoboa mabua mpaka maji yakaingia na mmea ukazama. Kazi yao ilisaidia sana kulipunguza gugu ziwani. Lakini mto ni habari nyingine: unaposafisha hapa, mkondo unaleta miche mipya kutoka juu. Ndiyo maana kusafisha Kyerwa pekee hakutoshi. Ni lazima kazi ianzie juu ya mto na kuzihusisha Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda kwa pamoja.

Nawe una sehemu yako. Kabla ya kuhamisha mtumbwi au nyavu kwenda ziwa jingine, zikague na uondoe kila kipande. Magugu uliyoopoa yakaushe mbali na maji. Ukifuga samaki wa mapambo, usimwage kamwe mimea ya tangi lako mtoni au kwenye mfereji. Mche mmoja unatosha kuanzisha zulia jipya.