Ruzuku ya wazee: Fedha kidogo inayoweza kuokoa kahawa shambani

MKOANI Kagera, mkulima anayeuza kahawa ikingali maua mtini husemwa ameuza 'butura'. Mnunuzi hulipa bei ya kutupa, kisha husubiri mavuno yawe yake. Anayeuza hafanyi hivyo kwa kutojua bei. Ana shida ya leo: chumvi, dawa, au daftari la mjukuu.

Wazee ni miongoni mwa wanaobanwa zaidi na shida hizo. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, uliondoa watu wengi wenye nguvu za kufanya kazi. Bibi wengi walibaki na wajukuu, na shamba la migomba na kahawa lisilo na wa kulipalilia.

Mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza Nshamba, wilayani Muleba, kwa msaada kutoka Uswisi. Badala ya kujenga makao ya wazee, uliwalipa pensheni wakiwa nyumbani kwao. Katika miaka ya mwanzo mzee alipata takriban Sh6,000 kwa mwezi, na karibu Sh3,000 kwa kila mjukuu anayemlea. Hivyo bibi mwenye wajukuu wawili alipata kama Sh12,000.

Tathmini ya mradi ya mwaka 2008 ilipewa jina lenye maana ya 'Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule'. Jina hilo peke yake linaonyesha fedha zilikwenda wapi: nyingi zilirudi katika maduka ya hapo hapo.

Uhakika ndio mtaji

Mwenye duka analijua hili vizuri. Mteja mwenye tarehe ya kulipwa hukopesheka, hata kama kipato chake ni kidogo. Asiye na tarehe huambiwa alipe kwanza.

Sh12,000 kwa mwezi ni Sh144,000 kwa mwaka. Zikitolewa zote kwa mkupuo, zinaweza kununua mbuzi au bati, lakini miezi michache baadaye chumvi imekwisha na mnunuzi wa butura yuko mlangoni. Zikija kila mwezi, bibi anaweza kumwambia asubiri hadi kahawa iive. Anaweza pia kumlipa kibarua wa kupalilia.

Gharama isiyoandikwa

Vikundi vingi vinapoandika maombi ya ruzuku huorodhesha magodoro, dawa na chakula. Husahau nguvu kazi ya anayemtunza mzee.

Binti anayetumia siku mbili kila wiki kumchotea mama yake maji, kumfulia na kumpeleka zahanati, hupoteza zaidi ya siku 100 za shamba kwa mwaka. Hesabu hiyo ni vema iingie katika bajeti, hata kwa posho ndogo. Vinginevyo mzee anatunzwa huku shamba linaingia magugu, na mwaka unaofuata nyumba nzima inahitaji msaada.

Mfadhili akiondoka

Ruzuku ya mfadhili ina mwisho. Ndiyo maana Zanzibar ilichukua njia nyingine Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea Sh20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali. Kiwango hicho kimepandishwa baadaye. Kenya nayo mwaka 2018 ilipanua mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, kwa Sh2,000 za nchi hiyo kila mwezi. Hata hivyo, huko malipo yamewahi kuchelewa kwa miezi kadhaa.

Mikopo ya halmashauri haiwezi kuziba pengo hilo. Sheria ya mwaka 2018 iliigawa asilimia 10 ya mapato kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; wazee hawakuwa na fungu lao. Na mkopo hudai marejesho, jambo gumu kwa mwenye miaka 75.

Kikundi kinachoomba ruzuku kinapaswa kujibu maswali matatu kabla ya kusaini mkataba: nani atalipwa, atalipwa tarehe ngapi, na nini kitafuata fedha zikiisha.

Swali la tarehe si dogo. Mnunuzi wa butura hufika siku ile ile ya shida, fedha mkononi. Ruzuku ikichelewa miezi mitatu, hukuta kahawa imeshauzwa.