Urejeleaji wa Matoleo katika Violezo vya Uunganishaji Endelevu wa Msimbo

Kiolezo cha kazi ni maelezo ya hatua za kujenga na kujaribu programu, yanayoandikwa mara moja na kutumiwa na miradi mingi. Katika GitLab, kwa mfano, kazi ambayo jina lake huanza na nukta haitekelezwi yenyewe. Hubaki kuwa msingi unaorithiwa na kazi nyingine. Utaratibu huu hupunguza urudufu, lakini pia huzidisha athari ya kosa, kwani badiliko moja laweza kuifikia miradi yote inayokitegemea kiolezo.

Sehemu hii inajenga hoja kwamba usalama wa kiolezo hutegemea pia namna kinavyorejelewa. Mnamo Machi 2025, wavamizi walihamisha lebo za matoleo ya tj-actions/changed-files, kijenzi kilichotumiwa katika hazina zaidi ya 23,000 za GitHub, wakazielekeza kwenye msimbo uliochapa siri za miradi katika kumbukumbu za utekelezaji. Lebo ni jina, na jina laweza kuhamishiwa kitu kingine. Miradi iliyorejelea kitambulisho kamili cha badiliko la kabla ya shambulio haikufikiwa na msimbo huo, kwa kuwa kitambulisho hicho hukokotolewa kutokana na maudhui yenyewe.

Kwa hiyo, mwandishi wa kiolezo hana budi kutoa matoleo yenye namba, kutangaza vigezo pamoja na thamani zake za awali, na kutohifadhi siri ndani yake. Mtumiaji naye akirejelee kwa kitambulisho kamili, na ahamie toleo jipya baada tu ya kukagua mabadiliko yaliyomo.